Waroma wa Romania: Majina ya Koo Yaliyotoka Kwenye Daftari la Kodi

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa majina, maana msomaji wa Kiswahili hupotelea hapo kabla safari haijaanza. Warumi ni watu wa Roma ya kale, wale walioandikiwa waraka na Mtume Paulo. Waromania ni raia wa Romania, nchi ya Ulaya ya Mashariki ambayo mji wake mkuu ni Bucharest. Waroma ni watu wengine: asili yao ni Bara Hindi, waliingia Ulaya katika zama za kati, na leo wametawanyika karibu bara lote. Kwa lugha yao, Kiromani, rom ni mwanamume wa kwao, au mume wa mtu. Neno hilo halina undugu na mji wa Roma wala na jina la nchi ya Romania. Herufi zimefanana tu.

Kufanana huko kumezua ugomvi. Mwaka 1995 Wizara ya Mambo ya Nje ya Romania iliagiza nyaraka za serikali zitumie neno la zamani, țigan, ili Waroma na Waromania wasichanganywe, na agizo hilo halikubadilishwa hadi mwaka 2000. Waroma walilipinga kwa sababu nzito. Neno lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, lilikokuwa jina la kundi la dini lililohesabiwa kuwa la wazushi, lakini uchungu wake hautoki huko. Katika nchi za Wallachia na Moldavia, ambazo baadaye ziliungana zikawa Romania, kwa karibu karne tano neno țigan na neno rob, yaani mtumwa, yalitumika kwa maana moja. Asiyelijua hili ataona umaskini wa Waroma wa leo, atasema "ndiyo mila yao", na atakuwa amekosea tangu hatua ya kwanza.

Lugha inayoonyesha njia

Waroma hawakuja na maandishi ya historia yao. Njia waliyopita inasomwa kwenye lugha. Aliyekulia Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam na kusikia Kihindi au Kigujarati madukani anaweza kujaribu mwenyewe. Hesabu ya Kiromani huanza jekh, duj, trin, shtar, panj; ya Kihindi ni ek, do, tin, char, panch. Maji ni pani kwa lugha zote mbili. Pua ni nak, na nyumba ni kher, ambayo kwa Kihindi ni ghar.

Ukifika saba, hesabu inageuka. Saba, nane na tisa ni efta, okhto, enya, na hayo ni maneno ya Kigiriki. Barabara nayo ni drom, Kigiriki tena. Watu hawakopi tarakimu kutoka kwa wapita njia. Maana yake Waroma waliishi vizazi kadhaa miongoni mwa wasema Kigiriki, katika himaya ya Bizanti, kabla ya kuvuka kuingia Balkani. Kati ya India na Ugiriki kuna tabaka la Kiajemi na Kiarmenia. Neno lao la heri na kudra njema ni bakht, la Kiajemi, lilelile lililotufikia sisi kupitia Kiarabu tukaliita bahati.

Karne tano za utumwa

Hati ya kwanza inayowataja Waroma katika ardhi ya Romania ni ya mwaka 1385, na haiwataji kama wageni wala wasafiri. Inawataja kama mali. Mtawala wa Wallachia, Dan I, alikuwa akithibitisha milki za monasteri ya Tismana, na miongoni mwa milki hizo zimo sălașe 40 za watu waitwao atsigani. Sălaș ni kaya, watu wa hema moja. Mwaka 1388 mtawala aliyemfuata, Mircea, aliipa monasteri ya Cozia kaya 300. Kule Moldavia, mwaka 1428, monasteri ya Bistrița ilipewa kaya 31.

Wenye watumwa walikuwa wa aina tatu: mtawala mwenyewe, monasteri, na maboyari, yaani mabwana wenye ardhi. Mroma asiye na bwana alihesabiwa moja kwa moja kuwa wa mtawala. Sheria ya Wallachia ya mwaka 1818 iliweka wazi kwamba Waroma huzaliwa watumwa, na kwamba anayezaliwa na mama mtumwa ni mtumwa. Bwana aliweza kumuuza mtu, kumtoa zawadi, kumweka rehani kwa deni au kumtoa kwa binti aolewaye kama mahari ya kwenda nayo kwa mume. Kisheria hakuruhusiwa kumuua. Ndoa ilihitaji idhini ya bwana, na watumwa wa mabwana wawili walipotaka kuoana ilibidi mabwana waelewane kwanza: kubadilishana mtu kwa mtu, au mmoja kumnunua wa mwenzake. Ndipo familia zilipopasuka.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu ndipo dhana ya "watu wa kuhamahama kwa asili" inapoanguka. Watumwa waligawanywa kwa namna ya kuishi. Vătrași, kutoka neno vatră, yaani meko, walikaa mahali pamoja: wapishi, wahunzi wa shambani, watumishi wa ndani, wapiga muziki wa jumba. Lăieși waliruhusiwa kuzunguka nchi na mahema yao wakiuza kazi za mikono, kwa sharti moja, kila mwaka walete kodi kwa mwenyewe. Kuzunguka kwao kulikuwa kazi ya mtumwa ya kumtafutia bwana fedha. Vijiji vya wakulima vilikuwa vidogo na vimetawanyika, na hakuna kijiji kimoja kilichoweza kumlisha mfua sufuria mwaka mzima, ilibidi atembee. Walipofungiwa barabara, wengi walikaa, na leo sehemu kubwa ya Waroma wa Romania hawajahama mahali kwa vizazi vingi.

Transylvania, sehemu nyingine ya Romania ya leo, ina historia yake. Ilikuwa chini ya Hungary, kisha chini ya watawala wa Habsburg wa Austria, na utumwa wa Waroma haukuenea huko kwa kiasi hicho. Mateso ya huko yalikuwa ya kufuta utambulisho: katika karne ya 18 watawala hao, Maria Theresa na mwanawe Joseph II, waliwalazimisha Waroma wakae vijijini, wakapiga marufuku mavazi na lugha yao, na watoto wakachukuliwa kulelewa na wakulima wengine. Tofauti hii ndiyo sababu Mroma wa Mureș, Transylvania, na Mroma wa Giurgiu, Wallachia, wanaweza kukutana leo wakajiona wageni.

Uhuru uliolipwa kwa mabwana

Ukombozi haukuja siku moja. Ulikuja kwa awamu, na mpangilio wa awamu hizo unaeleza mengi. Wallachia ilianza na watumwa wa serikali mwaka 1843, ikafuatia na wa kanisa mwaka 1847. Moldavia iliwaachia wa serikali na wa kanisa mwaka 1844. Hao walikuwa rahisi: serikali ilikuwa ikijiachia mali yake yenyewe, na waliokombolewa waliendelea kulipa kodi. Zaidi ya hapo, kodi hiyo ilitengwa iwe mfuko wa kuwanunua watumwa wa maboyari waliokuwa tayari kuuza. Yaani aliyetoka jana alilipia kutoka kwa ndugu yake aliyebaki.

Maboyari waligoma hadi mwisho. Wanamapinduzi wa Wallachia walitangaza uhuru wa wote mwaka 1848, lakini mapinduzi yaliposhindwa watu wakarudishwa kwa mabwana zao. Sheria za mwisho zilipita Moldavia tarehe 22 Desemba 1855 na Wallachia tarehe 20 Februari 1856. Kila kichwa kililipiwa fidia. Wallachia ilikuwa sarafu 10 za dhahabu kwa mtu. Moldavia ilikuwa sarafu 8 kwa wachonga miiko na wakaaji wa meko, na 4 kwa wale wa mahema. Fidia yote ilikwenda kwa mabwana. Msomaji wa Zanzibar ataitambua hesabu hii: amri ya mwaka 1897 nayo ilitenga fidia kwa wenye watumwa.

Waliokombolewa walikadiriwa kuwa watu 250,000, takriban asilimia 7 ya wakazi wa nchi hizo mbili. Hawakupewa ardhi, wala nyumba, wala zana. Mageuzi ya ardhi ya mwaka 1864, chini ya mtawala Alexandru Ioan Cuza, yaligawa mashamba kwa wakulima waliokuwa wakitoa kazi ya lazima kwa mabwana. Mroma aliyekuwa ameandikishwa kama mkulima wa namna hiyo alipata chake, lakini fundi, mtumishi wa ndani na mtu wa hema hawakuwa kwenye orodha. Wengi walibaki pale pale pembezoni mwa shamba la bwana wa zamani, kwenye kiwanja kisicho na hati, wakifanya vibarua. Mtaa wa namna hiyo bado unaitwa țigănie katika vijiji vingi. Wengine, hasa wafua shaba, walifunga mizigo na kuondoka kabisa. Katika miongo iliyofuata walifika Urusi, Ufaransa, Skandinavia, Marekani na Argentina, na mpaka leo Kiromani cha wajukuu wao kimejaa maneno ya Kiromania.

Majina ya kazi

Ukimuuliza Mroma wa Romania ni wa watu gani, mara nyingi atakutajia jina la kazi. Majina hayo yanaonekana kama majina ya makabila, na kwa kiasi fulani yamekuwa hivyo, kwa sababu watu huoana ndani ya kundi. Asili yake ni njia ya kuwagawa watumwa kwa kazi na kodi.

Aurari, ambao huitwa pia rudari, waliosha dhahabu kwenye mito. Waliuinamisha ubao mrefu, wakautandika kitambaa kizito cha sufu, wakamwaga mchanga wa mto pamoja na maji. Mchanga mwepesi ulishuka na maji, chembe za dhahabu zikanasa kwenye manyoya. Kitambaa kilisuuzwa ndani ya beseni la mbao, na unga uliobaki ukakusanywa kwa zebaki. Kodi yao ililipwa kwa dhahabu hiyohiyo. Dhahabu ya mitoni ilipopungua, rudari wakageukia mbao laini za msitu, wakachonga miiko, mabakuli na mabeseni. Lugha ya Kiromani ilikuwa imeshawatoka. Leo rudari wengi wanasema Kiromania tu na hukataa kuitwa Waroma, huku majirani zao wakiwaita hivyo kila siku.

Căldărari ni wafua shaba. Sufuria kubwa na mitambo ya kukenekea pombe ya plamu, inayoitwa țuică, bado hutengenezwa kwa nyundo katika vijiji kama Brateiu, wilaya ya Sibiu. Bamba la shaba likigongwa huwa gumu na hatimaye hupasuka, kwa hiyo fundi hulirudisha motoni mara kwa mara lilainike, kisha huendelea. Mkeneka pombe huipenda shaba kuliko chuma kwa sababu hunasa harufu mbaya ya salfa inayotoka kwenye matunda yaliyochachuka.

Ndugu zao katika ufundi ni spoitori wa kusini, wapaka bati. Sufuria ya shaba isiyo na bati ndani, ukipikia kabeji ya siki ikalala humo, hutoa kutu ya kijani ambayo ni sumu. Kazi yao ilikuwa kusugua ndani kwa mchanga na asidi hadi shaba itokeze wekundu wake, kupasha chombo juu ya makaa, kunyunyiza chumvi ya amonia iondoe kutu iliyobaki, kisha kudondosha bati, ambalo huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na kulisambaza upesi kwa pamba kabla halijapoa. Pakibaki doa la mafuta, bati halishiki hapo. Moto ukizidi, bati hugeuka njano na kujikunja vijitone. Fundi mdanganyifu aliongeza risasi ili kupunguza gharama, na hiyo ilikuwa hatari kubwa kuliko shaba tupu. Sufuria za alumini na za chuma kisichoshika kutu ziliiua kazi hii kwa haraka, na waliobaki bila kazi ni mafundi stadi.

Lăutari ni wapiga muziki. Jina lao latoka kwenye lăută, kinanda cha nyuzi ambacho kwa asili ni al-udi ya Waarabu, udi uleule wa taarabu yetu. Fidla, kodiani na țambal, kinanda cha nyuzi zinazogongwa kwa vijiti, ndivyo vyombo vyao. Bila wao harusi ya kijiji cha Romania ilikuwa kimya, na bado wapangaji wa harusi huwatafuta. Kijiji cha Clejani, kusini mwa Bucharest, kimetoa mafundi wa nyuzi waliojulikana dunia nzima. Zece Prăjini, kaskazini-mashariki, ni kijiji cha tarumbeta, na jina lake lenyewe ni kipimo cha ardhi: prăjini kumi.

Wapo pia ursari, waliotembeza dubu, na cărămidari, wafyatua matofali. Gabori wa Transylvania, wenye kofia pana na masharubu, husema Kiromani, Kihungari na Kiromania, huishi kwa kutengeneza mifereji ya mabati ya paa na kwa biashara, na wengi wao ni Wasabato. Kule Dobrogea, karibu na Bahari Nyeusi, katika miji kama Babadag, wako Waroma Waislamu wanaosema Kituruki. Kati ya wafua shaba bado kuna baraza la wazee, kris au stabor, linaloamua kesi za ndoa, madeni na fedheha. Kwa vătrași wa zamani utalikosa. Ndiyo maana mradi wowote unaopangwa Bucharest kwa ajili ya "Waroma" kwa jumla huharibika mapema: unampelekea msema Kituruki kitabu cha Kiromani, na rudari unamwita kwa jina analolikataa.

Mwaka 1942

Chini ya Ion Antonescu, mtawala wa Romania na mshirika wa Ujerumani ya Hitler, polisi na askari wa vijijini walifanya hesabu tarehe 25 Mei 1942 na kuandika majina ya watu 40,909 walioitwa "Waroma wenye matatizo". Wa mahema walipelekwa kwanza, kuanzia Juni hadi Agosti, wakitembea na mikokoteni yao wenyewe kwa wiki nyingi: watu 11,441. Waliokuwa na makazi walipakiwa kwenye treni mwezi Septemba: zaidi ya 13,000. Wote walipelekwa Transnistria, eneo la Ukraine kati ya mito Dniester na Bug lililokuwa mikononi mwa Romania.

Wa treni walikuwa wameruhusiwa mizigo ya mkononi tu. Wa mikokoteni walinyang'anywa farasi na mikokoteni. Walitawanywa kando ya mto Bug, bila kazi ya kutosha, bila kuni, chakula kikija kwa siku na kukosekana kwa wiki. Baridi ilipoingia mwezi Desemba, homa ya chawa, tifasi, ikaanza kufagia. Takriban watu 11,000 walikufa. Kati ya waliopelekwa walikuwemo wazazi na wake za askari waliokuwa mstari wa mbele wakilipigania jeshi hilohilo la Romania. Askari alirudi likizo akakuta nyumba tupu. Walionusurika walirejea mwaka 1944, wengi kwa miguu, na kwa miongo hakuna aliyewauliza kitu.

Ardhi iliyokosekana mara ya pili

Utawala wa kikomunisti haukuwatambua Waroma kama moja ya mataifa ya nchi. Uliwalazimisha watu wa mahema wakae, ukawanyang'anya dhahabu waliyoirithi, lakini pia uliwapa mishahara: viwandani, kwenye ujenzi, na zaidi ya yote kwenye mashamba ya serikali na ya ushirika. Mwaka 1989 utawala huo ulianguka. Sheria namba 18 ya mwaka 1991 ikairudisha ardhi ya ushirika kwa waliokuwa nayo kabla ya ukomunisti na warithi wao. Mroma aliyelima shamba hilo miaka thelathini hakuwa na babu kwenye daftari la ardhi, maana babu yake alirukwa mwaka 1864. Wengi hawakupata kitu, au walipata kipande kidogo. Watu wale wale wakawa wa kwanza kupunguzwa viwandani.

Hasira za miaka hiyo zilimwagikia kwao. Katika kijiji cha Hădăreni, wilaya ya Mureș, Septemba 1993, Waroma watatu waliuawa na kundi la wanakijiji baada ya ugomvi uliosababisha kifo cha mwanakijiji mmoja, na nyumba za Waroma zikachomwa polisi wakiwepo. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu dhidi ya Romania mwaka 2005.

Kwa nini idadi hazilingani

Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu Waroma 621,573. Ya mwaka 2021 iliwapata 569,477. Baraza la Ulaya hukadiria takriban 1,850,000. Pengo hilo halitokani na makarani wazembe peke yao. Sensa huandika anachosema mtu, na familia iliyowahi kusimuliwa kilichofuata baada ya orodha ya mwaka 1942 ina sababu ya kutosema. Rudari hujiandika Waromania. Wengine katika Transylvania hujiandika Wahungari. Mwaka 2021, zaidi ya hayo, watu zaidi ya milioni 2 hawakuwa na taarifa yoyote ya kabila. Lugha nayo haiwezi kutumika kama kipimo: mwaka 2011 waliotaja Kiromani kuwa lugha mama walikuwa 245,677 tu.

Kwa maisha ya kila siku, jambo muhimu zaidi ni la wasio na karatasi, na hapa mlolongo unafungana hivi. Nyumba imejengwa kwenye kiwanja kisicho na hati. Bila hati ya nyumba au mkataba wa kupanga, mtu hupata shida kubwa kuthibitisha makazi. Akishindwa kuyathibitisha hapati kitambulisho cha kawaida. Hupewa cha muda, kisichozidi mwaka mmoja. Akiwa na cha muda, mwajiri husita na benki hukataa. Asipokuwa nacho kabisa, bima ya afya na daktari wa familia havipo. Mama asiye na kitambulisho akijifungua, cheti cha mtoto huchelewa, na mtoto huanza maisha akiwa nyuma kwa karatasi mbili.

Jambo lililofanya kazi kuliko mengi ni wapatanishi wa afya, mpango uliobuniwa na shirika la Waroma liitwalo Romani CRISS, ambalo mwanasosholojia Nicolae Gheorghe alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na ambao serikali iliuchukua rasmi mwaka 2002. Ni wanawake wa jamii ileile, wanaoajiriwa na kupewa mafunzo. Hawaanzi na mahubiri ya usafi. Huanza mlango kwa mlango wakiuliza nani hana cheti cha kuzaliwa, humsindikiza ofisini, kisha humwandikisha kwa daktari wa familia, na chanjo huja baada ya hapo. Mpangilio huo ukigeuzwa, gari la chanjo likafika kabla ya karatasi, milango hufungwa, kwa kuwa mgeni mwenye orodha ya majina bado anaogopewa. Na mwenye kitambulisho cha muda itambidi arudi kwenye dirisha lilelile mwaka ukiisha, kiwanja chake kikiwa bado hakina hati.